Chanda chema huvikwa pete, si cheti

Kila mwisho wa mwezi naona posti zilezile. Mfanyakazi ameshika cheti, bosi amemshika bega, keki iko mezani, kila mtu anacheka. Chini yake wameandika: "Tunathamini watu wetu." Na mimi huwa na swali moja tu: huyo msee amelipwa?

Si ati napinga keki. Keki nakula. Ninachopinga ni hii tabia ya kutumia shukrani kulipa deni. Mshahara ni deni. Ovataimu ni deni. Siku moja ya kupumzika katika kila siku saba ni haki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, ukiwa unalipwa, ni haki pia. Zote ziko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007. Bosi akikupa likizo yako halafu atake umshukuru kama amekununulia shamba, hapo anakuchezea.

Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi mahali fulani, siwataji. Mshahara wa tarehe 30 ulikuwa unaingia tarehe 12. Lakini picha ya mfanyakazi bora wa mwezi haikuwahi kuchelewa hata siku moja! Uso wako uko ukutani na nauli ya kurudi nyumbani umetoa Fuliza.

Na serikali ndiyo bingwa wa huu mchezo. Wakati wa korona mwaka 2020, wahudumu wa afya waliitwa mashujaa kwenye kila hotuba. Mwaka huohuo wengi wao waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Halafu 2024 madaktari wakagoma siku 56. Moja ya mambo makubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, serikali ikasema iko na 70,000. Kumbe "shujaa" ni cheo kisicho na payslipu.

Sasa kuna mabosi wa aina ya pili. Hawa hawasifu kabisa. Ukiwauliza wanakurushia methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ati ukimsifu mtu ataanza uzembe. Hebu tufikirie huyo mgema kidogo. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, watu wanakunywa, wanamsifu, bei ya tembo ni ileile ya miaka yote. Mbona tunalaumu sifa na hatuulizi kuhusu bei? Wafanyakazi wengi hawalegei kwa sababu wamesifiwa. Wanalegea wakigundua kwamba aliyejituma na aliyelala wanapata kitu kimoja.

Najua kuna mwenye kibanda au saluni anasoma hii akisema, "Kijana, biashara ni ngumu, bonasi nitatoa wapi?" Sawa, nakuelewa. Lakini shukrani ya maana mara nyingi haina gharama. Kwanza, lipa siku mliyokubaliana. Pili, taja kazi yenyewe. "Kazi nzuri" ni maneno ya kumwambia kila mtu. "Ile siku stima ilipotea ukatuliza wateja wasiondoke, niliona" ni maneno ambayo mtu anaenda nayo nyumbani. Tatu, mteja akisifu kazi, mwambie ni nani aliyeifanya. Usimeze sifa za mtu mwingine ukitabasamu.

Nne, na hii ndiyo mabosi wengi wanairuka: iandike. Kifungu cha 51 cha hiyo Sheria ya Ajira kinamlazimisha mwajiri akupe cheti cha utumishi ukiondoka. Lakini cheti hicho kinaonyesha ulianza lini, ukaacha lini, na ulikuwa unafanya kazi gani. Hakuna mahali mwajiri analazimishwa kusema ulifanya vizuri. Hiyo imeachiwa roho yake. Kwa kijana asiye na digrii, barua ya nusu ukurasa inayosema "huyu alishika pesa zangu miaka miwili na hazikupotea" inaweza kumfungulia mlango ambao keki mia moja haziwezi. Karatasi moja na dakika kumi. Umeshindwa na hiyo?

Na nyinyi wasee mnaofanya kazi, tuache kuwa rahisi kununuliwa. Ukipewa cheti, pokea, sema asante, piga picha na utabasamu. Halafu uliza kwa heshima mambo matatu: mshahara unaingia lini, zile saa za ziada zinahesabiwa vipi, na kama unaweza kupata hayo maneno mazuri kwenye barua yenye sahihi. Ukiona bosi amekasirika kwa kuulizwa, basi umejua ile keki ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya kamera.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda chema hupigwa picha.