Tuliokoe Jino la Sita



Mwite mwanao wa darasa la kwanza, apanue kinywa penye mwanga, nawe hesabu meno ya chini kuanzia katikati kuelekea shavuni. Nafasi tano za mwanzo ni za meno ya utoto, yanayong'oka na kupisha mengine. La sita, lile pana la nyuma, ni la kudumu. Huota mtoto akifika miaka sita hivi, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wengi wetu hatulitambui. Likianza kuoza tunasema, "Liache, litang'oka lenyewe." Haling'oki, na likienda halirudi.

Jino hili lina mifereji ambamo mabaki ya chakula hunasa. Bakteria hula sukari iliyomo, wakatoa asidi inayomomonyoa jino. Kila pipi inaiamsha asidi upya, kwa hiyo mtoto anayelamba kidogo kidogo tangu mapumziko ya saa nne hadi jioni halipi jino nafasi ya kupumua. Mwanzoni anasisimkwa akinywa maji baridi. Shimo likifika kwenye neva, jino linapwita usiku kucha na shavu linavimba. Karafuu na vidonge hutuliza maumivu tu. Shimo liko pale pale.

Inauma zaidi ukijua kwamba njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe ulimwenguni. Tabibu anakwangua palipooza, anajaza simenti maalumu, na kazi hiyo yaweza kufanyika juu ya meza ya darasani. Lakini ni kwa shimo ambalo halijafika kwenye neva. Tukichelewa, kinachobaki mara nyingi ni koleo.

Basi kila kamati ya shule, katika kikao chake kijacho, iandike barua kwa mganga mkuu wa wilaya kuomba tabibu wa meno aje kukagua darasa la kwanza na la pili, na kuziba yanayozibika. Walimu watenge dakika chache za kupiga mswaki baada ya uji. Dawa ya mswaki iwe yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Wenzetu wa Arusha na Meru, ambako maji mengi yana floraidi kupita kiasi, wamuulize tabibu kwanza. Na akina mama wanaouza getini tusiwafukuze, kwani nao wana watoto wa kulisha. Tukae nao, tukubaliane karanga, mahindi ya kuchemsha na matunda vichukue nafasi ya pipi na barafu za rangi, na sisi wazazi tuwape watoto hela ya kununua hivyo.

Mwenyekiti wa kamati yako unamjua. Mpelekee wito huu kabla ya shule kufungwa.