Kawia Ufike

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nijibu neno nililoambiwa bwenini muhula huu. Mwaka jana niliugua malaria siku chache kabla ya mtihani wa mwisho, nikashauriwa ningoje mwaka mmoja. Sasa narudia darasa, na mwenzangu mmoja amenicheka akisema, "Wewe ni nahodha aliyeiona nchi kavu akageuza chombo." Alidhani amenitukana. Mimi naona amenisifu, na sababu yangu ni hii.

Mwaka 1915 meli ya Mwingereza Ernest Shackleton, iitwayo Endurance, ilipondwa na barafu katika bahari ya kusini kabisa. Watu wote 28 wakaokoka, wakafika kisiwa kitupu cha Elephant, mahali pasipopita meli. Tarehe 24 Aprili 1916, Shackleton na wenzake watano wakatweka tanga katika mashua ndogo, James Caird, yenye urefu wa kama meta 7. Walikwenda kutafuta msaada katika kisiwa cha South Georgia, safari ya zaidi ya kilometa 1,200. Mawingu yalikuwa mazito hata Frank Worsley, aliyeongoza njia, akapata kupima jua mara nne tu.

Tarehe 8 Mei mchana wakayaona majabali ya South Georgia. Maji ya kunywa yalikuwa karibu kwisha, na ndimi zao zimevimba kwa kiu. Ni nani asiyetaka kushuka? Lakini mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya miamba, na usiku unakuja. Ndipo Shackleton akaamuru mashua igeuzwe, warudi baharini kungoja asubuhi.

Asubuhi ikaja na tufani. Kutwa nzima upepo uliwasukuma kwenye miamba, nao wakapigana nao kwa tanga, huku wengine wakikumba maji yasiwazamishe. Jioni upepo ukageuka, wakapona. Siku ya pili, 10 Mei, wakapiga bisho mara nyingi, hata wakaingia ghuba ya King Haakon jua likishuka. Palikuwa na kijito; wakapiga magoti wakanywa.

Sasa nauliza: kama angalikimbilia ufukweni jioni ile ya kwanza kwa sababu ya kiu, ni nani angalijua walipo wale 22 walioachwa nyuma? Walichukuliwa wote hai tarehe 30 Agosti 1916, kwa meli ya Chile, Yelcho, ya nahodha Luis Pardo. Maisha yao yalikuwa katika mkono wa mtu aliyekubali kukawia.

Lakini wenzangu, tusidanganyane. Kungoja kwao hakukuwa kulala. Mashua iliyogeuzwa ilifanya kazi ngumu kuliko ile iliyokuwa ikielekea nchi kavu. Mimi nikirudia darasa na vitabu vyangu vikilala kabatini, basi mwenzangu na anicheke, maana ana haki. Tena, mwenye afya njema na upepo mzuri asiitumie hadithi hii kuukimbia mtihani. Aingie bandarini, nasi tutampigia makofi.

Ninalolipinga ni kumhesabu mtu kuwa ameshindwa kwa sababu hakufika pamoja na wenziwe. Nyumbani kwetu kuna wadogo zangu wanaongoja nimalize ili nami niwasaidie kusoma. Hao ndio 22 wangu. Hawatanufaika nami kwa kuwahi, watanufaika kwa kufika kwangu.

Na ninyi wanafunzi wa zamani msomao gazeti hili, najua wamo miongoni mwenu waliorudia darasa kama mimi, na leo wanafanya kazi za heshima. Twaomba mtuandikie. Neno lenu litawafaa wengi walio baharini usiku huu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Darasa la Mwisho