Wema wa Kila Siku

Bwana Mhariri amenipa nafasi kidogo, nami naomba niseme na wanafunzi wenzangu, pamoja na kaka zetu waliokwisha kutoka shuleni, juu ya jambo ambalo sisi Wakristo twalisema sana na kulitenda haba: wema wa kila siku.

Wengi wetu hudhani kwamba wema mkubwa ni wa watakatifu tu, nao huwashukia ghafula siku ya hatari. Basi twaingoja siku hiyo, na huku twaishi tupendavyo. Mimi naona sivyo, na mfano wangu hautoki mbali. Ni wa hapa hapa Gisenyi.

Félicité Niyitegeka, aliyezaliwa mwaka 1934, alijitoa kwa kazi ya utume, akatumika katika Kituo cha Mtakatifu Petro mjini hapa. Kazi ya nyumba kama ile yajulikana: kumpokea mgeni, kumpa chakula na kitanda, kumwaga kwa heri, kisha kumngoja mwingine. Ni kazi ambayo sisi vijana twaiona ndogo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, watu waliowindwa walikimbilia kwake. Yeye mwenyewe hakuwindwa. Aliwapokea, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka waingie Goma. Ndugu yake, aliyekuwa mkubwa katika jeshi, alimtaka awaache ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu 43 aliokuwa nao. Afadhali afe pamoja nao. Tarehe 21 Aprili aliuawa pamoja na wale aliowalinda. Leo taifa lamhesabu katika mashujaa wake wa daraja la Imena.

Tazameni basi: siku zile hakuanza kazi mpya. Alipokea wageni, kama alivyozoea.

Yatupasa kusema na upande wa pili, ingawa ni mchungu. Wengi wa walioua mwaka ule walikuwa wamebatizwa, nao walizijua sala zote tuzijuazo sisi. Watu waliuawa hata makanisani, na Nyundo si mbali nasi. Kumbe kujua katekisimu peke yake si kinga.

Nami sijiweki kando. Muhula uliopita alikuja bwenini kwetu mvulana aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Kinyarwanda chake kilikuwa kizito, na mezani wenzangu wakamwigiza na kumpa jina la kumcheka. Mimi ndiye niliyeongoza sala ya chakula jioni ile. Nilisema "Amina", nikaketi, nikala maharagwe yangu kimya. Siku ya tatu ndipo nilipokwenda kuketi karibu naye. Rafiki zangu wawili walikasirika, wasinisemeshe juma zima. Usiku nilijiuliza: ikiwa nimehitaji siku tatu ili nishinde hofu ya kununiwa na watu wawili, ningefanya nini mbele ya bunduki?

Wako vijana waliojibu swali hilo. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa Nyange walikuwa darasani wakijisomea, kama sisi tufanyavyo kila jioni. Wauaji waliingia, wakawaamuru watengane, Wahutu huku na Watutsi huku. Walikataa, na baadhi yao wakauawa. Sidhani kwamba kukataa kule kulianza usiku ule. Nadhani kulianza zamani, mezani na bwenini, kwa vijana waliozoea kuketi pamoja.

Atakuja mtu aseme kwamba wema ni neema ya Mungu, si mazoezi ya mwanadamu. Ni kweli, neema hutoka kwa Mungu. Lakini mvua nayo hutoka kwake, na bado mkulima hulima kabla haijanyesha. Wazee wa Kiswahili walisema: samaki mkunje angali mbichi. Sisi tungali wabichi.

Basi tuanze na yaliyo karibu. Asiyejua somo asinakili la mwenziwe. Mwenye zamu ya kugawa chakula asiwajazie rafiki zake sahani. Jina la kumcheka mtu likitajwa, mmoja wetu aseme "hapana" siku ile ile, asingoje siku ya tatu kama mimi. Na ninyi kaka zetu mfanyao biashara mpakani, mama atokaye Goma na kikapu chake mrudishieni chenji kamili, hata kama hajui kuhesabu faranga zetu. Hayo hayataandikwa popote. Lakini hakuna ajuaye ni lini mlango wake utabishwa usiku. Na saa hiyo haitakuwa saa ya kujifunza kufungua.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita