Kura Pekee Hailindi Fedha



Wapo wanaodai kuwa mtunza fedha akichaguliwa na wananchi wote hawezi kuiba. Sikubaliani nao. Mwaka 1952 wapiga kura wa jimbo la Illinois, Marekani, walimchagua Orville Hodge kuwa Mkaguzi wa Hesabu. Ofisi yake ndiyo iliyotoa hundi za serikali. Mwaka 1956 alikiri mahakamani kuiba fedha za umma, akafungwa. Katiba ya jimbo hilo ya 1970 ikatenganisha kazi: mwidhinisha malipo na mweka hazina huchaguliwa kwa kura, mkaguzi huteuliwa na bunge la jimbo. Kura bila mkaguzi wa pembeni ni kumkabidhi fisi bucha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi