Anayetuuzia mchele asiwe yeye peke yake wa kupima zahabu yetu

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaotwanga mawe na kusafisha mchanga, leo hatuongei juu ya mashimo. Juu ya mashimo, PDG na bariere za barabarani tumekwisha kuongea sana. Leo tunaongea juu ya butiki. Ile butiki ya kariere, yenye meza ya mbao mbele na magunia ya mchele nyuma, na pembeni mama mmoja anapika maharagi, sombe na chai ya asubuhi. Mchimbaji wa Ituri anaijua, awe Mongbwalu, Kilo, Nizi, Iga-Barrière au upande wa Mambasa. Pale njo tunapokula, tunapokopa, tunaponunua sabuni, buti na betri za tochi. Na mara nyingi pale pale njo tunapouza zahabu.

Sisi wa sendika tunapofika kwenye kariere, watu wanatuambia maneno ya shimo kwanza. Lakini ukikaa nao mpaka jioni, maneno yanageuka. Yanakuwa juu ya deni, kopo na kaye. Wamama njo wanaanza, kwa sababu wao njo wanatumwa butiki na wao njo wanarudi na chakula kisichotosha. Tumeyasikia haya mahali pengi, na yanafanana sana. Kwa hiyo tunaona hayako maneno ya mwenye butiki mmoja mwenye roho mbaya. Ni namna biashara yenyewe inavyokwenda.

Tuanze na kopo. Mchele, maharagi, chumvi na sukari vinapimwa kwa kopo. Mteja anaangalia juu ya kopo, anaona limejaa, anafurahi. Chini haangalii. Kuna makopo ambayo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, na kila ukinunua unaacha konzi moja mezani. Konzi moja ni kidogo. Lakini mama anayenunua makopo mawili kila siku, kwa mwezi mzima, anajua kwa nini watoto wanalala na njaa wakati baba anasema: “Si nilitoa pesa?” Ugomvi wa nyumba nyingi unaanzia kwenye kitako cha kopo.

Halafu kuna chenji. Mtoto anatumwa na noti, anarudi na bonbon mbili na kube moja ya mchuzi. “Chenji haiko.” Lakini siku nyingine ukimpelekea mwenye butiki bonbon zile zile ulipe nazo sabuni, atakucheka. Na noti ya dola yenye alama ndogo ya kupasuka, yeye hapokei, ama anaipokea kwa bei ya chini. Lakini noti ya namna ile ile ikitoka kwake, wewe unatakiwa kusema aksanti.

Hayo ni maudhi ya kila siku, na mtu anaweza kuyavumilia. Kinachotufunga ni deni.

Mchimbaji hana mshahara wa mwezi. Anaweza kuchimba wiki sita kabla ya kufika kwenye jiwe lenye zahabu. Wakati huo anakula nini? Anakula kwa kaye. Hatusemi kaye ni mbaya. Bila kaye kariere ingefungwa siku ya tatu. Lakini butiki nyingi zina bei mbili, moja ya pesa mkononi na moja ya deni. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kopo la mchele ni franka 1 000 kwa pesa na 1 500 kwa deni. Nyumba inayokula kopo moja kwa siku, kwa siku 60, ingelipa 60 000. Kwa deni italipa 90 000. Zile 30 000 za juu zingenunua makopo 30. Ni chakula cha mwezi mzima, mchimbaji amekilipa na hakukila.

Na kaye inakaa wapi? Inakaa chini ya meza ya mwenye butiki. Yeye njo anaandika na yeye njo anajumlisha. Siku ya kulipa anasoma, wewe unasikiliza. Wengi wetu hatukupita mbali na shule, na hata aliyesoma hana karatasi yake ya kulinganisha. Mke anasema tulichukua sabuni mbili, kaye inasema nne. Nani atashinda? Kaye. Na baba akiwa amekufa shimoni, kaye haifi. Inamfuata mjane mpaka kwenye kilio. Tumewaona wajane waliodaiwa deni ambalo hawakuonyeshwa hata mstari mmoja wa hesabu yake.

Sasa tufike kwenye mizani. Mwenye butiki anayekukopesha anataka zahabu yako, si franka. Mkataba hauandikwi, lakini kila mtu anaujua: ukikula kwangu, utaniuzia mimi. Kwa hiyo siku umepata, huendi kuuliza bei kwa negosia mwingine, wala hushuki Bunia. Unaenda kwa yule yule. Anatoa mizani yake ndogo ya sahani mbili. Upande mmoja anaweka unga wako wa zahabu, upande wa pili njiti za kiberiti ama sarafu ya zamani. Nani alipima uzito wa ile sarafu? Yeye. Nani anasema bei ya leo? Yeye. Nani ana kaye? Yeye. Mchezaji, refa na mwenye mpira ni mtu mmoja.

Tupige hesabu ya mfano tena. Umeleta gramu 10, mizani yake inasema 9. Halafu bei ya gramu, palipo 100 anakupa 90. Ungepata 1 000, umepata 810. Karibu sehemu ya tano ya jasho lako imekwenda, na bado hajakata deni. Na deni lenyewe lilikuwa na bei ya juu tangu mwanzo. Ulipoteza kwenye kopo, ukapoteza kwenye kaye, ukapoteza kwenye mizani. Kesho asubuhi unaanza deni lingine. Halafu watu wa mji wanasema mchimbaji anamaliza pesa yake kwa pombe na wanawake. Wapo wanaofanya hivyo, ndiyo. Lakini wengi pesa yao haikufika hata mfukoni.

Maneno haya hayakuanza jana. Zahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Wazee wetu waliofanya kazi kule walipewa posho, chakula cha kupimiwa. Posho ile ilikaa mpaka ndani ya lugha: hata leo kwa Lingala jumamosi inaitwa mposo. Anayekupimia chakula anaweza kukutawala mpaka jina la siku. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu ikafungulia raia uchimbaji wa mikono. Watu wakaingia kwa maelfu, na penye watu butiki ikafuata. Posho ya kampuni ikaondoka, kaye ya butiki ikaingia. Bwana alibadilika jina.

Na hatuko peke yetu. Uingereza, wafanyakazi walilipwa vitu vya duka la bosi pahali pa pesa, mpaka sheria ya mwaka 1831 ikasema mshahara wa wengi wao ulipwe kwa pesa. Marekani, kampuni za makaa ya mawe zilitengeneza pesa zao wenyewe, zilizopokelewa tu katika duka la kampuni. Kwa sababu ya mambo kama hayo, Shirika la Kazi la Dunia, OIT, liliandika mwaka 1949 mkataba namba 95 juu ya ulinzi wa mshahara. Unasema mfanyakazi asilazimishwe kununua katika duka la kampuni, na kama duka lingine haliko karibu, bei iwe ya haki. Nchi yetu iliukubali mkataba huo.

Watatuambia: mkataba huo ni wa watu wa mshahara, ninyi wachimbaji hamna mshahara. Ni kweli. Lakini njaa ya mchimbaji haina tofauti na njaa ya mtu wa mshahara. Na sheria yetu ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema zahabu ya uchimbaji wa mikono inauzwa kwa negosia mwenye karte, kwa kontuari, ama kwa wengine waliokubaliwa na serikali. Mwenye butiki asiye na karte ya negosia, anayepokea zahabu juu ya meza ya mchele, yuko nje ya sheria. Tunajua pia kwamba wachimbaji wengi hawana karte yao, na kwa hiyo wanaogopa kusema. Uoga huo njo unalisha ile mizani.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili, kwa sababu sendika inayosema upande mmoja tu haisaidii mtu. Mwenye butiki naye analia. Bidhaa zinatoka Uganda kwa Mahagi na Aru, ama zinavuka Ziwa Albert mpaka Kasenyi na Tchomia, ama zinapanda kutoka Butembo na Beni. Njiani kuna matope, kuna bariere, na kila bariere ina mkono. Mwezi wa 5 mwaka 2021 tuliingia katika état de siège, na bado kuna siku gari halipiti kwa sababu ya risasi. Gunia linafika limekwisha kulipiwa mara nyingi. Tena kuna wachimbaji wanaosikia zahabu imetoka kariere nyingine, wanahama usiku, kaye inabaki na majina ya watu wasiorudi. Yule anayebaki njo analipa deni la aliyekimbia, kwa njia ya bei ya juu. Anayetoroka deni haibi butiki tu, anamuibia mchimbaji mwenzake.

Na kuna wenye butiki wanaofanya vizuri. Tunawajua, na wateja wanawataja bila kuulizwa. Yule aliyeandika bei kwa chaki kwenye mbao. Yule mama anayekataa kuuza sardini zilizopita tarehe, anayepasha sombe ya leo na si ya juzi, anayemjazia sahani mtoto kama mtu mkubwa. Yule aliyefungua mlango siku watu walipokimbia vita, akagawa biskuti na maji bila kuandika. Watu hao hawakufilisika kwa sababu ya haki. Wateja wanatembea mbali kuwafuata. Kwa hiyo mtu asituambie biashara ya haki haiwezekani kariere.

Hatusemi mtu avunje butiki, wala amtukane mwenye butiki kwa kabila lake ama kwa kule anakotoka. Maneno hayo yameua watu wengi katika Ituri hii, na deni halikupungua hata franka moja. Tunachoomba ni mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji pesa kubwa.

La kwanza, bei iandikwe mbele ya butiki, ya pesa na ya deni, kila mtu aione kabla ya kuchukua.

La pili, kaye ziwe mbili. Moja kwa mwenye butiki, moja kwa mteja, na zinaandikwa saa moja, siku moja, kwa mkono mmoja. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule. Deni ambalo haliko katika kaye zote mbili, komite isilikubali. Na mjane asidaiwe kitu mpaka kaye zote mbili zimefunguliwa mbele ya komite.

La tatu, kila kariere iwe na mizani moja ya komite ama ya kooperative, na mawe yake ya uzito yanayojulikana. Mtu apime zahabu yake pale kwanza, apewe karatasi, halafu aende kuuza. Watu wa SAEMAPE, kazi yao ni kusaidia uchimbaji mdogo. Hapa njo mahali pa kutusaidia.

La nne, deni lilipwe kama deni. Ukinidai franka, nikuletee franka zako. Zahabu yangu niuze kwa negosia mwenye karte ninayemtaka mimi.

La tano, wachimbaji wanaoweza waweke pamoja pesa ya gunia moja. Watu 20 wakichanga, gunia la mchele linatoka Bunia kwa bei ya gunia, si ya kopo. Wamama wa kariere nyingi wanajua tayari kuchanga kwa likelemba. Wapewe kazi hiyo, kwa sababu wao njo wanajua kopo linaisha siku gani.

Kwa wenye butiki wa haki tunasema: ingieni katika mambo haya wa kwanza, mtapata wateja. Kwa wengine tunasema: mchimbaji akijua uzito wa zahabu yake hatawachukia, atawalipa. Na kwako, ndugu mchimbaji, na kwako mama: kabla ya kununua buti ama simu, nunueni kaye. Ni ya franka kidogo tu. Mwanzoni ataona mnamtukana. Wekeni tu juu ya meza, mwambieni kwa heshima: “Andika na hapa.”