Rudisheni Namba ya Zahanati

Saa nane za usiku, mvua imetulia kidogo, nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa zahanati moja ya upande wetu huku Kibondo, namulika kwa simu. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda, na juu ya bodaboda mke wa mdogo wangu, uchungu umemkaza, ameng'ang'ania koti la dereva. Mlango ulikuwa na kufuli. Pembeni yake, ukutani, ziliandikwa namba nne kwa maka peni. Tatu zilikuwa zimechorwa mstari. Nikapiga ya nne. Ikaita, ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya usingizi. Nikamwambia tuko mlangoni, tuna mjamzito, afanye hima. Kimya. Halafu akasema, "Pole sana kaka yangu. Mimi nilishahamishwa. Niko Sumbawanga."

Mtoto alizaliwa salama, Mungu ashukuriwe, kwa sababu mwenye duka jirani aliamka na alijua nyumba aliyopanga nesi mpya. Tulimpata mhudumu kwa kugonga madirisha, kama walivyofanya babu zetu, katika nchi ambayo mwaka 2022 ilishapita laini milioni 60 za simu za mkononi.

Tangu usiku ule simvumilii mtu anayeniambia kwamba simu ya mezani imekufa na intaneti imeshika nafasi yake. Imeshika nafasi ipi?

Simlilii mtu waya. Nyumbani kwetu Murungu hatukuwa na simu ya mezani, na majirani hawakuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, laini za mezani nchi nzima hazikufika laki mbili. Huku nyanda za juu za Kigoma, simu ilikaa bomani, posta, misheni na hospitali. Mwenye habari ya msiba alifunga safari hadi Kibondo mjini au Kasulu, akapanga foleni, akaunganishwa. Mwaka 1994 ikaja Mobitel, 2000 Vodacom, 2001 Celtel, minara ikaota vilimani, na nguzo za simu zikabaki kuegemewa na baiskeli. Nani angekataa simu inayokaa mfukoni? Nilikuwa wa kwanza kuifurahia.

Lakini ile simu nzito ya mezani ilikuwa na kitu ambacho hatukukithamini hadi kilipotutoka: namba yake ilikuwa ya ofisi. Ilianza na 028, ikafuata jengo. Daktari alihama, alistaafu, alikufa, namba ikabaki pale pale juu ya meza, na aliyekalia kiti ndiye aliyepokea. Ungeweza kuiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza na ikakufaa kwa mtoto wa tano.

Leo namba ya zahanati ni namba ya nesi. Namba ya shule ni ya mwalimu mkuu. Namba ya kata ni ya mtendaji. Amenunua laini kwa pesa yake, anaweka bando kwa pesa yake, na laini ile imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Wote tunakumbuka Januari 2020, laini zisizosajiliwa hivyo zilipoanza kuzimwa. Akipata barua ya uhamisho, anafungasha godoro, sufuria, na mawasiliano ya kijiji kizima, anapanda basi. Wanaobaki wanatafuta maka peni. Kumlaumu yeye ni dhuluma. Wa kulaumiwa ni sisi tuliokubali kwamba huduma ya umma ibebwe kwenye mfuko wa mtumishi, naye apigiwe akiwa likizo, akiwa msibani, akiwa amelala mkoa mwingine.

Na linaloniuma kuliko yote ni kwamba dawa ipo, na dawa yenyewe ni hiyo hiyo intaneti. Simu ya intaneti, ile ya kweli yenye namba kamili ya simu, haifungwi kwenye waya wala kwenye kifaa. Namba ni akaunti tu. Sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, inasafirishwa kama picha na ujumbe vinavyosafirishwa, inaunganishwa tena upande wa pili. Kwa hiyo namba moja ya zahanati inaweza kuita kwa nesi wa zamu. Asipopokea ndani ya nusu dakika, ikahamia kwa mganga mfawidhi. Naye asipopokea, ikaenda hospitali ya wilaya. Nesi akihamishwa, jina lake linatolewa na la mwenzake linaingizwa, kazi ya dakika tano mezani kwa mtu wa TEHAMA wa halmashauri. Namba ukutani haiguswi. Inaweza hata kupakwa kwa rangi ya mafuta. Benki za mjini zinafanya hivi kila siku. Unapiga namba moja, inazunguka hadi ipate mtu. Kumbe tunajua. Tumejua kwa ajili ya mikopo, hatujajua kwa ajili ya wajawazito.

Badala yake tumepewa WhatsApp na kuambiwa tumehamia dijitali. WhatsApp ni nzuri kwa kazi yake. Pale kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa 1996, yuko mama wa Kikongo anayemwona mjukuu wake aliyezaliwa Marekani kwenye kioo cha simu, na sitathubutu kuidharau furaha ile. Ila kwa WhatsApp huwezi kupiga 112. Huwezi kumpigia mwenye kitochi, na vijijini kwetu kitochi ndicho kinachokaa na chaji siku nne. Tangazo la ofisi ya umma lisemalo "tupigie WhatsApp" linawafungia mlango wale wanaoihitaji ofisi hiyo kuliko wengine wote.

Tena tusidanganyane kuhusu udhaifu wa simu ya intaneti. Simu ya waya ilikula umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48, zikilindwa na betri kubwa za kituoni. Taa za nyumbani zikizimika, simu iliita. Simu ya intaneti inategemea ruta, na ruta inategemea soketi ya ukutani. Sisi wilaya hizi tulikuwa watu wa majenereta ya dizeli hadi gridi ya Taifa ilipotufikia mwaka 2022, na hadi leo mvua ikija na radi tunajua la kutarajia. Simu ya zahanati isiyokuwa na betri na sola yake ni pambo.

Halafu kuna bahari. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile nilikuwa Kasulu, namtafuta shangazi yangu Murungu kwa WhatsApp. Hapa na pale ni wilaya mbili jirani, barabara ni moja. Inazunguka tu, "inaunganisha", haiunganishi. Nikampigia kwa simu ya kawaida, akapokea kabla sijaweka sikio vizuri. Fikirini hilo: kilichokatika kiko chini ya maji mbali kabisa na Kigoma, na mimi nashindwa kuuliza kama mihogo imeshaanikwa. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ikaanza kurejea Novemba 3. Siku zile wajawazito hawakuahirisha kujifungua.

Kwa hiyo msiniletee simu ya zahanati inayopumua kwa intaneti peke yake. Mitambo ya namba hiyo ikae humu nchini, ili mazungumzo ya Kibondo na Kasulu yasitegemee waya wa baharini. Na intaneti ikikatika kwa sababu yoyote ile, simu irukie mtandao wa kawaida wa mnara, yenyewe, bila nesi kubonyeza kitu. Si ndoto. Uingereza, wanaozima simu zao za waya za zamani na waliosogeza mwisho wa kazi hiyo kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027, mdhibiti wao amezibana kampuni: anayeitegemea simu ya nyumbani lazima aweze kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja baada ya umeme kukatika. Wao waligundua kwamba wazee wenye vifaa vya kuitia msaada wangeachwa gizani, wakasimama, wakarekebisha. Saa moja kwetu ni kidogo. Sisi tunadai usiku kucha.

Msiniambie fedha hakuna. Nchi hii ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kisheria mwaka 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo biashara haizikimbilii. Mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758. Mnara ni kazi kubwa na nawapongeza waliousimamisha. Lakini aliyeweza kupandisha chuma kwenye kilima anashindwaje kuipa zahanati iliyo chini ya kilima hicho namba moja, betri moja na kifaa kimoja cha mezani? Hata kabla ya hapo, laini ya kawaida inaweza kusajiliwa kwa jina la taasisi. Halmashauri inaweza kuanza na hilo Jumatatu hii, kwa bei ya vocha. TAMISEMI itoe waraka: hakuna zahanati, hakuna shule, hakuna ofisi ya kata kutangaza namba binafsi ya mtumishi. Namba ya ofisi ikabidhiwe kama funguo zinavyokabidhiwa, kwa maandishi, na anayehama asaini.

Wiki iliyopita nilimpigia yule dada wa Sumbawanga kumpa habari kwamba mtoto ameanza kutembea. Alifurahi sana. Akaniambia usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameamshwa tena na mtu wa kwetu, baba mwenye mtoto wa degedege, na kwamba sasa ameihifadhi namba ya nesi wetu mpya kwenye simu yake ili awe anawaelekeza.

Nikamuuliza kwa nini asibadilishe laini apumzike. Akasema anaogopa, kwa sababu ukutani bado ni namba yake.