Kabla ya kumlaumu mwalimu, uliza mtoto amekula nini

KIBARAZANI
Na Zaina Mhando

Kila Januari, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima tunageuka maofisa elimu. Kwenye daladala, saluni, hata msibani, kila mtu ana dawa. Walimu wa siku hizi hawana wito. Watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu. Wazazi wa siku hizi wameiachia shule kila kitu. Mjadala unachemka wiki mbili, kisha Simba na Yanga wanaturudisha kwenye mambo tunayoyajua vizuri zaidi.

Zamani kulikuwa na kumi bora. Mwanzoni mwa 2023 Baraza likaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na wengi walinuna. Mimi nilishukuru. Orodha ile ilitufanya tuzitaje Feza au St. Francis ya Mbeya kana kwamba huko wamegundua pembetatu ya aina yake. Shule nyingi zilizozoea kukaa juu ni za bweni, na zinachagua nani wa kumpokea. Mtoto analala hapo, anakula hapo, anajisomea usiku chini ya taa. Sisemi kwamba hawafundishwi, wanafundishwa kwelikweli. Ila kumpanga mtoto huyo mstari mmoja na wa shule ya kata ya kutwa, halafu kumwambia wa kutwa kwamba hana bidii, ni dhuluma.

Leo nataka kuzungumzia jambo moja tu katika mengi yanayomfanya mtoto afaulu au afeli: chakula cha mchana shuleni. Nalichagua kwa sababu ni dogo kiasi cha kuwezekana kijijini, bila kusubiri mfadhili wala bajeti ya Juni.

Chukua mtoto wa darasa la sita, shule ya kutwa, upande wa kwetu Handeni. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Nyumbani kuna chai ya rangi ikiwa sukari ipo. Kama haipo, kuna kiporo, na kiporo mara nyingi ni cha mdogo wake. Anatoka na dumu la maji mkononi, na siku ya zamu ana kuni kwapani. Saa moja usafi, saa mbili kipindi cha kwanza. Saa nne mapumziko: mwenye mia mbili anakimbilia langoni kwa mama wa mihogo ya kukaanga na pilipili, asiye nayo anakwenda bombani. Saa saba ikifika, wa karibu wanakwenda kula kwao, na baadhi hawarudi. Wa mbali wanakaa chini ya mwembe. Kengele inalia, wanaingia, wanalaza vichwa juu ya madawati. Hapo mwalimu anafundisha visogo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mkuu, ameacha kushindana na hali hiyo. Hisabati na Kiingereza anaviweka kabla ya saa nne, michezo na stadi za kazi baada ya saa saba. Ukimuuliza, atakwambia ratiba yake haifuati mtaala, inafuata matumbo. Tulicheka siku aliponiambia hivyo. Lakini ratiba ya namna hiyo maana yake ni kwamba nusu ya siku ya shule imeshatupwa, na matokeo yakitoka tunamwita huyohuyo ajieleze.

Kwamba chakula kinamvuta mtoto shuleni, hilo halihitaji profesa, ingawa maprofesa nao wamelipima. Magharibi mwa Kenya, Busia na Teso, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walichukua shule 50 za chekechea, 25 kati yake zikapewa uji wa asubuhi. (Kremer ni yule aliyekuja kushiriki Nobel ya uchumi mwaka 2019.) Kwenye uji mahudhurio yalikuwa juu zaidi kwa takriban theluthi moja kuliko kusiko na uji. Lakini sehemu inayonigusa ni ya pili: alama za watoto zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu wa kutosha. Kwingine watoto walikuja, wakanywa uji, na alama zikabaki palepale. Na uji wenyewe ulikula muda wa kufundisha.

Naisema sehemu hiyo ya pili makusudi, maana wapo wanaodhani ukitundika sufuria umemaliza kazi. Chakula hakifundishi kugawanya. Na mpishi awe mpishi. Mwalimu akishika upawa, kipindi kimekufa.

Hapa kwetu nako shirika la Twaweza na wenzake walifanya jaribio, si la chakula bali la fedha, mwaka 2013 na 2014, kwenye mpango wa KiuFunza, katika shule za msingi 350. Shule nyingine zilipewa fedha za uendeshaji peke yake, nyingine bonasi kwa walimu ambao wanafunzi wao wamefaulu, nyingine vyote viwili. Fedha peke yake hazikupandisha alama. Bonasi peke yake haikufika mbali. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walijifunza zaidi. Kwa hiyo mtu anayeniambia tatizo ni walimu tu, au vitabu tu, au njaa tu, namsikiliza kwa heshima na simwamini.

Kwa nini basi naanza na sufuria? Kwa sababu mwalimu mzuri anaajiriwa na Serikali, na kijiji hakina sauti hapo. Sufuria iko mikononi mwetu, na tumeiachia.

Tuliiachiaje? Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada ilifutwa na watoto walimiminika. Ni jambo jema, na sitamvumilia anayetaka turudi nyuma. Lakini chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki jukumu la mzazi, na hilo lilisemwa kwa sauti ndogo. Wazazi tulisikia neno "bure" tukafunga masikio. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango iliyokuwa ikiwatoa watoto darasani. Alikuwa na sababu: kulikuwa na shule ambako mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mlinzi. Ila kwa nilivyoona huku kwetu, marufuku ile iliwatia walimu wakuu hofu hata ya kutamka neno maharage mbele ya mzazi. Moto jikoni ukazimika. Baadaye ukaja mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, unaoweka wazi kwamba wazazi na jamii wachangie kwa makubaliano. Mwongozo upo. Makubaliano ndiyo hayapo.

Ngoja niweke hesabu mezani, maana kwenye mikutano watu huogopa kitu ambacho hawajakipima. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Mpe mtoto gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kila siku, sahani ya makande ya kumfikisha jioni. Kwa mwaka ni kilo 23 na ushei za mahindi, na maharage hayafiki kilo sita. Ni debe moja na sado moja hivi ya mahindi, na sado moja na nusu ya maharage. Ongeza chumvi, mafuta, kuni na posho ya mpishi. Kwa mwenye mtoto mmoja si mzigo. Mwenye wanne anakaribia gunia la kilo mia, na hapo lazima tuwe wakweli: mwaka wa ukame, gunia hilo ndilo chakula cha nyumba nzima.

Ndiyo maana wakati wa kuchangisha una maana kuliko kiasi. Tunaitisha mchango Januari, ghala limebaki vumbi, mzazi ametoka kununua sare na madaftari. Itisheni baada ya mavuno, mahindi yakiwa bado uani, na kila mtu atapima debe lake bila kununa. Na shule nyingi zina ardhi tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Mashamba hayo leo mengine yamekodishwa, na sijui kijiji kinachosomewa kodi hiyo mkutanoni.

Kuna jambo moja linaloniudhi kuliko yote. Nimesimama kwenye jiko la shule moja nikaona mwanafunzi kiongozi na daftari, anaweka tiki. Mwenye tiki anapita na bakuli. Wasio na tiki, na walikuwa wengi, walishajua. Walikuwa wamejikusanya upande wa pili wa ukuta, wanacheza mpira wa matambara kwa kelele kubwa kuliko kawaida. Mchango ule haukuwa umewalisha watoto wa shule. Uliwalisha watoto wa waliolipa, na kuwafundisha wengine kwamba hapa si pao. Deni la mzazi lidaiwe kwa mzazi, kwa mtendaji, barazani. Lisidaiwe kwenye bakuli. Na asiyeweza kweli anajulikana: kila kijiji chenye mpango wa TASAF kina orodha ya kaya maskini, iliyopitishwa na wanakijiji wenyewe. Watoto wa kaya hizo wale bila kuulizwa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mgongo wa mzazi. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na wanachuo walilipokea bumu jipya kwa shangwe. Ni haki yao. Ni mkopo, watalipa, na mwanafunzi mwenye njaa hafaulu chuoni kama asivyofaulu darasa la sita. Lakini ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, msomaji. Na humo hakuna chakula. Ni chaki, ukarabati, mitihani na vitabu. Wengi wa wanaokaa chini ya mwembe saa saba hawatafika kwenye bumu. Serikali ikitoa hata maharage tu, kijiji kitoe mahindi na kuni, mzigo utabebeka.

Sekondari za kata ni kisa kirefu zaidi, na kuna siku nitaliandikia suala la magheto, vyumba vya kupanga ambako binti wa miaka 15 anajipikia mwenyewe kwa sababu shule iko mbali na kwao. Anapoishiwa unga, anayejitokeza kumsaidia mara nyingi ana nia yake. Kisha matokeo yakitoka tunasema hakusoma.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Unaofuata, nenda. Usisubiri "mengineyo", wakati watu wameshaanza kukung'uta viti. Omba chakula cha shule kiwe ajenda yenye namba yake, na uulize mbele ya mwenyekiti, mtendaji na mwalimu mkuu: shamba la shule linalimwa na nani, mahindi yanakusanywa mwezi gani, nani anashika ufunguo wa stoo, na watoto wangapi leo saa saba hawakula. Wakishindwa kujibu swali la mwisho, muwatume wakahesabu kesho yake, warudi na idadi.